Gozi la Ziwa Kivu: Funzo la Haruna Niyonzima kwa Vijana wa Nkanka

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huo huelekezwa zaidi kwa wazazi na walimu. Lakini mtu yeyote aliyepata kusimama kando ya uwanja wa mpira akawatazama vijana wakifukuzana na gozi atakubali kwamba unawahusu pia makocha na viongozi wa klabu. Na unamhusu hata askari wa kambini au wa kituoni ambaye jioni, zamu yake ikiisha, huombwa na watoto wa jirani awe mwamuzi wao.

Leo tunapenda kuizungumzia safari ya mchezaji wa kulipwa, tangu utotoni hadi kwenye mkataba, na tutaianzia Nkanka. Nkanka ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Rusizi katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Cyangugu. Iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, si mbali na kisiwa cha Nkombo, na ng'ambo ya maji hayo ni Kongo na mji wake wa Bukavu. Wananchi wa huko ni wakulima, na wengine ni wavuvi ambao usiku huwasha taa ziwani kuwavua samaki wadogo waitwao sambaza. Ni nchi ya milima na miteremko. Mahali palipo tambarare ni pachache, na palipo tambarare hapakosi mpira.

Mtoto wa huko, kama mtoto wa Rwanda yote, hujifunza kandanda kwa mpira wa majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba. Mpira huo haudundi sana. Anayeuchezea hulazimika kuuweka karibu na mguu, kwa kuwa ukimtoka huteremka mlimani moja kwa moja, naye aliyeupoteza ndiye hupaswa kuufuata. Wazee wa soka husema kwamba hiyo nayo ni shule.

Lakini shule hiyo humfikisha kijana wapi? Klabu kubwa iliyo karibu ni Espoir ya Rusizi, ambayo jina lake kwa Kifaransa maana yake ni Tumaini. Kupita hapo, barabara huingia katika msitu mkubwa wa Nyungwe na kuendelea hadi Kigali, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Kijana akiuliza kama kweli ipo njia ya kutoka mlimani kwao hadi kwenye viwanja vikubwa, jibu halihitaji kutafutwa Ulaya. Lipo katika ziwa lilelile, kwenye ncha yake ya kaskazini.

Cheche za Gisenyi

Haruna Niyonzima alizaliwa tarehe 5 Februari, 1990, katika mji wa Gisenyi. Kama Rusizi ilivyotazamana na Bukavu, ndivyo Gisenyi ilivyotazamana na Goma. Miji hiyo yote ya mpakani ni miji ya biashara na ya lugha ya Kiswahili, ambako mtoto hukua akisikia lugha tatu au nne sokoni kabla hajajua kusoma hata mojawapo.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka ambao vita vilianza nchini mwake, mwezi wa Oktoba. Alikuwa na umri wa miaka minne wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa hiyo kizazi chake kilianza kuupiga mpira katika nchi iliyokuwa inajijenga upya kutoka majivuni: shule zikifunguliwa tena, barabara zikifunguliwa tena, na viwanja vya michezo vikianza tena kupokea watu waliokuja kushangilia. Jambo hilo tusilipite upesi. Mtu anapomwona mchezaji hodari, mara nyingi huuona mguu tu. Hauoni mji uliomlea wala kazi iliyofanywa na watu wengine ili mtoto apate saa moja ya kucheza kwa amani.

Klabu ya mji wa Gisenyi huitwa Etincelles, yaani Cheche, na hucheza katika uwanja wa Umuganda. Hapo ndipo Haruna alipoanzia soka ya ushindani mnamo mwaka 2005, akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Hakuwa na kimo cha kutisha wala kifua cha mbeba magunia. Sifa zake zilikuwa chenga, pasi na macho. Alikuwa kiungo ambaye kabla mpira haujamfikia alikwisha kujua ataupeleka wapi. Wachezaji wa namna hiyo huonekana mapema, na mwaka 2006 Rayon Sports, klabu yenye asili ya Nyanza na yenye mashabiki wengi mno nchini Rwanda, ilimchukua.

Hapo kijana alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili: kutoka mtaani hadi klabu ya mji wake, na kutoka klabu ya mji wake hadi klabu kubwa ya Taifa. Vijana wengi wenye vipaji huishia kwenye hatua hiyo ya pili. Jina huanza kuandikwa magazetini, marafiki huongezeka, na mazoezi hupungua. Kilichotokea baadaye katika maisha ya Haruna ndicho kinachowahusu zaidi wasomaji wetu wa majeshi.

Katika Timu ya Jeshi

Mwaka 2007 alijiunga na APR, timu ya Jeshi la Rwanda. Timu hiyo iliundwa mwaka 1993, wakati jeshi hilo lilipokuwa bado msituni, na jina lake ni herufi za kwanza za jina la jeshi hilo kwa Kifaransa: Armée Patriotique Rwandaise. Tangu hapo imetwaa ubingwa wa nchi zaidi ya mara 20.

Si jambo geni katika sehemu zetu za Afrika kwamba timu za majeshi na polisi huwa nguzo za soka. Kenya ina Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, na mara nyingine mwaka 2010. Na Kenya Police nayo ilitwaa ubingwa wa nchi hiyo kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2024/25. Uganda ilishuhudia Polisi ikiwa bingwa mwaka 2005. Tanzania ina timu za JKT, na Zanzibar ina KMKM. Rwanda kwenyewe, mbali na APR, kuna Marines ya Rubavu, na kuna Police iliyotwaa Kombe la Amani mwaka 2015. Katika baadhi ya timu hizo wachezaji ni askari kamili. Katika nyingine ni raia wenye mikataba. Lakini zote zina kitu kimoja ambacho klabu nyingi za mitaani hukikosa, nacho ni utaratibu. Muda wa mazoezi hujulikana na chakula hujulikana. Mgonjwa hupelekwa kwa daktari, na anayechelewa huulizwa sababu.

Haruna aliukuta utaratibu huo akiwa na umri wa miaka 17, umri ambao mtu huweza kupindwa upande wowote. Alikaa APR hadi mwaka 2011. Katika miaka hiyo alitwaa mataji ya nchi, na mwaka 2010 APR ikanyakua Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, lililochezwa Kigali. Ni miaka hiyo pia iliyomjengea jina katika timu ya Taifa, Amavubi, yaani Nyigu, ambayo baadaye aliiongoza kwa muda mrefu akiwa nahodha, na kuichezea zaidi ya mara 100.

Kuvuka mpaka

Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 21, alivuka mpaka na kuingia Tanzania kuichezea Yanga ya Dar es Salaam. Wasomaji wetu wengi wanaijua klabu hiyo: ilianzishwa mwaka 1935, na upinzani wake na Simba huugawa mji, na pengine nyumba, katika pande mbili. Mgeni anayesajiliwa pale hapewi muda wa kujifunza. Akifanya vizuri Jumamosi hubebwa mabegani. Akifanya vibaya Jumatano husikia maneno ambayo hakuyasikia kwao.

Haruna alikuwa na akiba mbili. Ya kwanza ilikuwa Kiswahili cha Gisenyi, kilichomwezesha kuelewana na wenzake, na mashabiki pia, bila mkalimani. Ya pili ilikuwa ile miaka minne ya APR. Mwaka 2012 Yanga ilitwaa Kombe la Kagame, na baada ya hapo ubingwa wa Tanzania Bara katika misimu ya 2012/13, 2014/15, 2015/16 na 2016/17. Wapenzi wa Jangwani wakambandika jina la Fabregas, wakimfananisha na yule kiungo wa Hispania. Mwaka 2017 akafanya jambo ambalo wachache hulithubutu: alihama Yanga akaenda Simba, na huko nako akawa bingwa katika misimu ya 2017/18 na 2018/19. Baadaye alirudi kwao kuichezea AS Kigali, akaitwa tena Yanga mwaka 2020, na mwaka 2023 alikuwa Libya akiendelea kulisakata kabumbu, wakati wengi waliochipuka pamoja naye walikwisha kutundika viatu.

Tukiyahesabu hayo, ni zaidi ya miaka 15 ya kazi. Maisha ya mchezaji kwa kawaida ni mafupi. Goti moja likiharibika, au msimu mmoja ukipotea, jina husahauliwa. Aliyedumu miaka mingi kiasi hicho kwa mwili mdogo hakuwa anadumu kwa chenga peke yake.

Zamu haimsubiri mtu

Hata hivyo tusimfanye kijana wa Nkanka aamini kwamba njia hiyo haina mashimo. Mwezi wa Desemba, 2015, Haruna alikuwa Ethiopia na timu yake ya Taifa katika mashindano ya Chalenji, ambako Rwanda ilifika fainali na kushindwa na Uganda kwa bao 1-0. Baada ya mashindano hayo uongozi wa Yanga ulitangaza kwamba umeuvunja mkataba wake kwa utovu wa nidhamu, kwa madai kwamba alichelewa kurejea kazini. Mchezaji naye alikuwa na maelezo yake. Baadaye pande hizo mbili zilikaa zikapatana, naye akarudi uwanjani mwaka 2016. Msimu huo ulikwisha kwa Yanga kutwaa ubingwa, na klabu hiyo ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Hatulitaji jambo hilo ili kumwumbua mtu, wala si kazi yetu kuamua nani alikuwa na haki. Tunalitaja kwa kuwa askari atalielewa kwa wepesi kuliko mtu mwingine. Anayepangiwa lindo saa 12 jioni akafika saa 1 usiku hana cha kujitetea kwa kusema kwamba yeye ni mlenga shabaha hodari. Lindo lilikuwa wazi kwa muda wa saa moja, basi. Na mchezaji wa kulipwa ni hivyohivyo. Mshahara wake haulipwi kwa ajili ya kipaji; unalipwa kwa ajili ya kuwapo, akiwa mzima, mahali alipoahidi kuwapo na kwa saa aliyoahidi. Nahodha wa Taifa zima, mchezaji kipenzi cha maelfu, alikaribia kuipoteza kazi yake kwa mabishano ya siku za kuripoti. Kilichomrudisha ni kukubali kuzungumza na kuanza upya. Kijana anayesoma habari hii ayashike yote mawili: uzito wa zamu, na hekima ya kupatana.

Jina moja, umri mmoja

Kuna shimo la pili ambalo kwa watu wa mpakani ni kubwa zaidi, na hilo ni karatasi.

Mwaka 2014 Rwanda ilikuwa ikiwania nafasi ya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, kombe ambalo ilikuwa imelicheza mara moja tu, mwaka 2004 nchini Tunisia. Katika pambano la kwanza dhidi ya Kongo-Brazzaville, lililochezwa Pointe-Noire mwezi wa Julai, Amavubi walifungwa mabao 2-0. Waliporudiana Kigali mwezi wa Agosti, Amavubi nao wakafunga mabao 2-0, kisha wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Mji ukalipuka kwa furaha. Furaha hiyo haikudumu wiki tatu. Wapinzani walikata rufani kuhusu mshambuliaji mmoja aliyejulikana Rwanda kwa jina la Dady Birori, na ambaye katika klabu yake ya Vita ya Kinshasa alijulikana kwa jina la Etekiama Agiti Tady. Mtu mmoja, majina mawili, na tarehe mbili za kuzaliwa zilizopishana kwa miaka kadhaa. Shirikisho la Soka la Afrika likaiondoa Rwanda mashindanoni. Kongo-Brazzaville ikachukua nafasi hiyo, ikafuzu, na mwaka 2015 ikafika robo fainali ya kombe lenyewe.

Jasho la wachezaji wote, na fedha za wananchi, vilipotea kwa sababu ya karatasi mbili zisizolingana.

Mtu wa Nkanka anaweza kuelewa jinsi mambo ya namna hiyo yanavyoanza. Mtoto ana shangazi upande huu na mjomba upande ule. Huvuka kwenda kusoma, huvuka kwenda sokoni. Kocha mmoja humwandika jina moja. Kocha mwingine hupunguza umri wake miaka miwili ili acheze na wadogo, akidhani anamsaidia. Miaka kumi baadaye, siku ambayo klabu ya kigeni inataka kumsajili, karatasi hizo zote hukutana mezani. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa mchezaji wa kulipwa kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine hupita katika mtambo wa FIFA wa kompyuta, ambako klabu zote mbili hupaswa kutoa habari zinazolingana. Na tangu mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 17, mifupa ya kifundo cha mkono huchunguzwa kwa mashine ili kuzuia udanganyifu wa umri. Mfupa haufichiki kwa cheti.

Zipo pia sheria zinazomlinda kijana, nazo hazijulikani vya kutosha. FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mojawapo inawahusu hasa watoto wa mpakani: ikiwa nyumbani kwao si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu ya ng'ambo nayo si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka huohuo, kijana anaweza kusajiliwa huko kwa sharti kwamba aendelee kulala kwao na kwamba vyama vya soka vya nchi zote mbili viafiki. Kwa hiyo mtu anayefika kijijini akadai kwamba ana nafasi ya mtoto wa miaka 15 katika klabu ya mbali, na kwamba kinachotakiwa ni fedha za safari na hati ya kusafiria tu, huyo ni wa kuulizwa maswali kituoni.

Tena, karatasi safi huleta faida. Mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya malipo hugawanywa kwa klabu zilizomlea alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu ndogo ya kando ya ziwa ikiwa imesajiliwa na imetunza kumbukumbu zake, huweza kudai sehemu yake. Isiyokuwa na daftari haina cha kudai, hata kama kijiji kizima kinakumbuka.

Wajibu wa askari

Je, askari wa jeshi au wa polisi anahusikaje na hayo yote? Anahusika kwa njia tatu.

Kwanza, yeye ni kielelezo. Mahali pengi penye kambi au kituo, uwanja ulio mzuri ni wa kambi au wa kituo, na mtu anayeamka alfajiri kukimbia ni askari. Watoto humwona. Wakimwona anafika mazoezini kwa wakati na anakubali uamuzi wa mwenye filimbi bila matusi, watajifunza bila kufundishwa.

Pili, yeye ndiye mlinzi wa mpaka. Mtoto anayevushwa na mtu asiye ndugu yake, kwa ahadi ya kandanda, yuko katika hatari. Na aliye kizuizini ndiye wa mwisho kumwona kabla hajapotea.

Tatu, timu za majeshi zina mlango. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2023 APR ilishika kanuni ya kutumia wachezaji wa Rwanda pekee, na vijana wengi walipata nafasi kwa sababu hiyo. Kanuni huweza kubadilika, lakini mlango kwa chipukizi wa nchi haufai kufungwa. Aliye na macho ya kuona kipaji katika uwanja wa mteremko ampeleke mtoto kwa kocha, baada ya kuwauliza wazazi na baada ya kuhakikisha kwamba mtoto huyo bado yuko shuleni. Wengi katika wanaokimbia na gozi jioni ya leo hawatakuwa wachezaji wa kulipwa. Ni wajibu wetu kuwaambia ukweli huo mapema, na kuwaandaa kuwa walimu, mafundi, wavuvi wenye elimu, na pengine askari wema.

Ndugu msomaji, ziwa ni moja. Gisenyi iko kaskazini na Nkanka iko kusini, na maji yanayoipiga pwani ya huku ndiyo yanayoipiga pwani ya kule. Kutoka kaskazini alitoka kijana mwenye mwili mdogo ambaye alipita Etincelles, Rayon na APR, akavuka mpaka akiwa na jina lake lilelile, akakosana na waajiri wake akapatana nao, na akadumu. Iwapo yupo mwingine wa namna hiyo katika miteremko ya Nkanka, bado hajulikani. Lakini vitu anavyovihitaji vinajulikana: uwanja, kitabu cha shule, cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya kweli, na mtu mzima atakayemwambia kwamba mazoezi ni saa 10 jioni, wala si saa 10 na nusu.